Mwili wa Kupimia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na sare za wauguzi nazo zimeanza. Hospitali imebadilisha mtindo. Zamani lilikuwa gauni la vifungo vya mbele, sasa wanataka blauzi ndefu na suruali, mifuko miwili mikubwa, rangi ya majani mabichi. Mtindo mpya unahitaji violezo vipya vya kukatia, na violezo vipya vinanihitaji mimi nisimame juu ya sanduku.

Nieleze, maana hata shajara ina haki ya kujua. Shangazi ana duka hili la ushonaji tangu sijazaliwa, na hajawahi kuwa na chati ya vipimo wala sanamu la kupimia nguo. "Karatasi haikai, haiinami, haikohoi," husema. Kwa hiyo tangu nilipomaliza shule nikaja kukaa kwake, violezo vyote vinakatwa juu ya mwili wangu. Mimi nilivyo ndiyo saizi ya kati. Saizi kubwa ni mimi na kuongeza vidole viwili kila mahali. Ndogo ni mimi na kupunguza vidole viwili. Ndiyo maana humu ndani wananiita Kati, hata wateja. Barabarani nikimwona mwanamke nisiyemjua amevaa sketi yetu, mwili hunisisimka, maana anatembea ndani ya umbo langu na hana habari.

Leo nilijaribu kubana tumbo. Shangazi akanichoma na kidole, halafu pini ikafuata, sijui kama ni kwa bahati mbaya.

"Pumua, wewe. Nikimshonea mtu asiyepumua nitakuwa namshonea sanda."

Nikapumua. Akaendelea kubandika pini, mdomo umejaa pini nyingine, mikono yake inakwenda bila yeye kuitazama. Namjua miaka yote hii na bado nikiiona mikono ile nashangaa.

Jumatano, 5 Machi

Zipu ya sketi yangu ya kijivu haifungi. Nimeilaumu mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Babu Pasi ni mpiga pasi wetu, na kwa utani ni mume wangu. Leo alinitazama nikipita na rundo la suruali akasema kwa sauti, "Jamani, mke wangu amenawiri! Watu waone navyomlisha."

Nilimwambia kama ni yeye anayenilisha basi ningekuwa mwembamba kama waya wa pasi yake. Watu wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Nilicheka pia. Mkasi hakucheka. Mkasi ndiye mkataji wetu, mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho yanayoona uzi mmoja uliolegea toka ng'ambo ya chumba. Alikuwa ananitazama kidevuni.

Nilikwenda msalani na kibano. Nywele zilikuwa tatu asubuhi ya juzi. Sasa ni kichaka. Na shingoni nyuma pana weusi ambao hausuguliki, nimesugua mpaka pakawasha. Siku zangu sijaziona tangu mwaka jana ulipokuwa unaisha, na mtu wa kunipa mimba hayupo, labda Babu Pasi anilishe kweli.

Jumapili, 9 Machi

Mezani Shangazi aliniondolea sahani. "Punguza mkono."

Jumatano, 12 Machi

Leo amesema waziwazi, mbele ya Mkasi. Nilikuwa nakata uzi, akasimama nyuma yangu akanishika kiunoni kwa mikono miwili kama anayepima gunia.

"Mwili wa kupimia hauchezewi. Ukiendelea kuuachia mdomo, nanunua sanamu."

Nilijikaza. Nilisema, "Sawa, Shangazi." Lakini nimeumia. Sikuwa mwanafunzi hodari, mshono wangu wa mkono unapinda, na wenye sura nzuri katika ukoo wetu ni wengine. Pale juu ya sanduku ndipo mahali pekee nilipowahi kuchaguliwa. Zaidi ya hapo, mdomo huo anaousema siujui. Nakula kidogo kuliko Mkasi, na Mkasi anaweza kupita kwenye tundu la kifungo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Chai bila sukari asubuhi, kipande cha embe mchana, maji jioni. Nimetembea kwenda na kurudi kazini ndani ya matope. Suruali imebana zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Vilevile. Kizunguzungu.

Alhamisi, 20 Machi

Mwili huu ni wa nani? Naunyima, unaongezeka. Ningekuwa namwona mtu mwingine akifanya hivi ningesema ni mazingaombwe, ningelipa kiingilio.

Jumamosi, 29 Machi

Sare zimekwenda. Babu Pasi amezipiga pasi zote peke yake, mikunjo ya suruali inaweza kukata mkate. Chumba kilikuwa kijani tupu toka sakafuni hadi dirishani. Shangazi alisimama mlangoni akiliangalia gari likiondoka, mvua inamrushia maji miguuni, na hakurudi nyuma.

Jumatano, 2 Aprili

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitarukaruka.

Saa nne hivi matroni wa hospitali aliingia na mwavuli unaochuruzika, na nyuma yake dereva amebeba mafurushi. Matroni ni mama mwenye adabu nyingi, na adabu ile ilitisha kuliko matusi. Alisalimia kila mtu. Akamkuta hata Babu Pasi pembeni akamwamkia. Kisha akafungua furushi, akavaa blauzi ya saizi ya kati juu ya nguo zake, akatanua mikono. Kwenye mabega ilikaa vizuri. Kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa amevaa hema.

"Mama fundi," alimwambia Shangazi, "mimi kwako nimekuwa kati miaka yote. Sijakonda. Wauguzi wangu wote wanasema hivyohivyo. Wa ndogo zinawapwaya, na wa kubwa wanazikanyaga suruali. Wodi mpya inafunguliwa mwisho wa mwezi. Nifanyeje?"

Shangazi aligeuza blauzi ndani nje, akatafuta kosa kwenye mshono. Hakuna. Akamtazama Mkasi. Mkasi akaleta kiolezo, wakalinganisha. Kitambaa na kiolezo ni kitu kimoja. Nilikuwa nimeshaelewa, na nilitamani sakafu ipasuke. Polepole, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Shangazi alichukua tepu akaja kunipima kwa namba.

Katika duka letu anayepima anasoma kwa sauti na mwingine anaandika kwa chaki. Ndivyo tunavyofanya kwa kila mteja, na Shangazi alifanya kwa mazoea tu, hakukusudia. Alisoma kifua. Alisoma kiuno. Sauti ikamfia alipofika kwenye tumbo. Mkasi alikuwa ameinua chaki, anasubiri, kisha akaishusha.

Nyumba nzima ya vipimo ilikuwa imekaa juu yangu, na mimi nilikuwa nimehama bila kuaga. Kubwa zote, ndogo zote, zimehama pamoja nami.

Matroni alipoondoka Shangazi hakupiga kelele. Alisema, "Unakula wapi? Unajificha wapi ukila?"

Nilisema, "Shangazi, sili."

"Nguo haisemi uongo," akasema, akaenda kupiga simu kuagiza sanamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikwenda kazini. Nimekwenda kwa daktari.

Jioni

Nimerudi, na sina huzuni.

Daktari ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kulalamika. Aliniuliza kuhusu siku zangu kana kwamba anauliza bei ya nyanya. Akanitazama shingoni, kidevuni, akatikisa kichwa kama fundi anayeona kosa analolijua. Alichukua damu. Kisha akanilaza, akanipaka ute wa baridi tumboni, akageuza kioo cha mashine nami nione.

Mwanzoni palikuwa na ukungu tu. Kisha akasimamisha picha. "Hii ni ovari yako. Unaona haya matone meusi yaliyojipanga ukingoni?"

Niliona. Yalikuwa madogo, duara, yanafuatana kuzunguka ukingo wote kama vifungo ukingoni mwa kola. Hakuna fundi wa duka letu anayeweza kupanga vifungo hivyo. Nilisema, "Yamepangwa vizuri mno." Daktari akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Akaeleza kuwa vile ni vifuko vidogo, na katika kila kimoja kuna yai lililoanza safari likasimama njiani, kwa sababu homoni zinapigana vikumbo. Ndiyo maana siku haziji. Nywele za kidevuni zinatoka hukohuko. Hata weusi wa shingo. Na uzito? Hapo aliacha kulalamika, akasema polepole. Mwili wangu hausikii vizuri insulini, homoni inayosimamia sukari, kwa hiyo unamwaga nyingi zaidi, na insulini ikiwa nyingi mwili unaweka akiba ya mafuta, hasa tumboni. Unaweka akiba hata mtu akishinda na njaa.

"Kwa hiyo siyo mdomo?" niliuliza.

"Chakula kina nafasi yake, na tutazungumza. Lakini hukujifanyia hivi kwa ulafi. Na acha kushinda na njaa, unajiumiza bure."

Alinipa vidonge. Alisema nile kwa saa zake, nitembee, nisikate tamaa, maana uzito wa hali hii unashuka kwa shida na pengine usirudi ulikokuwa. Haiondoki, mtu anaishi nayo. Sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Nimelirudia jina hilo njia nzima.

Nilitoka nje, mvua ilikuwa imekatika, na nilisimama kwenye ngazi za hospitali nikijishika tumbo mbele za watu. Kazi yote ile ilikuwa inaendelea humu ndani, mayai yanajipanga, mwili unahifadhi kwa ajili ya njaa ambayo haipo, na mimi nikiuita mvivu. Sikumbuki lini niliwahi kustaajabu namna ile. Niliogopa pia. Lakini kustaajabu kulizidi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilimweleza Shangazi. Nilifika kwenye maneno "hali yenyewe inaitwa" akawasha cherehani. Nilinyamaza, akazima. Nilianza tena, akawasha tena.

"Hospitali siku hizi wanaogopa kumwambia mtu ukweli," akasema juu ya kelele. "Niache nifanye kazi."

Nilitaka jambo moja tu, aniamini kuwa siyo mdomo. Mengine yote ningeyavumilia.

Jumanne, 8 Aprili

Sanamu limefika, limefungwa nailoni kama nyama. Halina kichwa wala mikono. Babu Pasi amelizunguka, akalivulia kofia. "Mke wangu," ameninong'oneza, "huyu hatakujibu nikimtania." Nilicheka kweli leo.

Jumatano, 9 Aprili

Shangazi amebandika pini kwenye sanamu mchana kutwa, kisha akazibandua zote. Mvua kubwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo wauguzi walikuja kwa zamu tuwapunguzie nguo, mmoja baada ya mwingine, wanaacha viatu vya matope mlangoni. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikifumua mishono, kwa sababu sikutaka kuonekana.

Alikuja muuguzi wa wodi ya watoto, mama mnene, mweupe wa meno, mwenye kicheko kinachotikisa rafu. Akavaa blauzi yake ya saizi kubwa. Mabega yakamwangukia mikononi. Akayapandisha, yakaanguka. Alifanya vile kwa mazoea, kama mtu anayefukuza nzi, na nilijua amefanya hivyo maisha yake yote.

"Tupunguze wapi, mama?" Shangazi aliuliza.

"Nimeshazoea, fundi. Nguo zangu zote ni hivi. Nikipata tumbo, mabega yanakimbia." Akatazama rundo la saizi ya kati mezani. "Ngoja nijaribu hiyo nicheke."

Mkasi alimwambia ile ni kati, haitapita. Akaivaa hivyohivyo.

Ikapita. Mabega yalikaa juu ya mabega. Tumbo lilikuwa na nafasi yake, pembeni hapakuvutika. Akainua mikono juu, kama anayemnyanyua mtoto toka kitandani, na blauzi ilimfuata bila kupanda. Akainama, akajipinda kulia, kushoto. Kicheko kikamwisha usoni.

"Nani amenishonea hii?" aliuliza. "Amenijuaje?"

Nilitazama kwa upenyo wa pazia nikamwona Shangazi amepanua vidole vyake viwili, vilevile anavyoongezea saizi kubwa, anavitazama kama siyo vyake.

"Mabega," alisema. "Mabega hayanenepi." Alikuwa anajisemea mwenyewe. "Miaka yote naongeza vidole viwili kila mahali. Mpaka mabegani! Nimewashonea wanawake wanene wa mji huu mabega ya mbebaji mizigo."

Kabla jioni haijafika waliivaa wengine watatu wenye miili kama yake, na mmoja alikataa kuivua, akatoka nayo mvuani. Mkasi ndiye aliyepiga hesabu kichwani. Zilizoitwa kati ziitwe kubwa. Zilizoitwa ndogo zipunguzwe kidogo ziwe kati. Zilizoitwa kubwa zifumuliwe, na kitambaa chake kishonewe ndogo za kweli, wenye kuzivaa ni wachache. Matroni atapata sare zake kabla wodi haijafunguliwa.

Kisha Shangazi akaja nyuma ya pazia. "Toka," akasema. "Panda sandukuni. Sketi za shule zinakuja, na safari hii nataka kubwa yenye mtu ndani yake. Mahali pa kati litasimama sanamu mpaka nimpate mwingine."

Nilipanda. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na huzuni, maana nilipenda kuwa Kati, na hakuna atakayeniita hivyo tena. Machozi yalinitoka kidogo. Shangazi aliniona, na alipobandika pini hazikunigusa ngozi hata moja.

Jumamosi, 12 Aprili

Babu Pasi ameniita Kubwa. Nimempiga na suruali mbichi. Anaendelea kuniita.

Jumapili, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa wawili tu dukani, tumefungua tumalize ndogo. Shangazi aliuliza bila kuinua macho, "Yule daktari alisema nini hasa?"

Nilimweleza tena. Safari hii hakuwasha mashine. Nilipofika kwenye siku kutokuja, mguu wake ulitoka kwenye pedali. Nilipofika kwenye nywele aliweka nguo chini.

"Zikikaa bila kuja, zinakaa kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Mimi zilikaa hata nusu mwaka," alisema.

Nilijua Shangazi aliolewa akarudi. Ukoo mzima unajua, na hakuna anayelisema. Leo alilisema yeye. Aliolewa mwembamba. Mwaka wa pili akaanza kunenepa, na mtoto haji. Mama mkwe alimfungia chakula kabatini, akabeba ufunguo kifuani. Akazidi kunenepa. Dawa chungu za kila aina alikunywa. Mwishowe kikao kikakaa, na mama mkwe akasema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba mke huyu ana tumbo lisiloshiba, amekula mpaka amekula watoto wake mwenyewe.

"Hivyo ndivyo alivyosema, Shangazi?"

"Hivyohivyo. Na mume wangu akatazama chini. Nilirudi kwa baba na cherehani moja." Akafungua kilemba alichokifunga mpaka chini ya kidevu. Anakifunga hivyo kila siku, nikidhani ni mtindo wa umri wake. Chini yake palikuwa na vipele vya wembe, vipya na vya zamani. "Kila asubuhi, kabla hujaamka."

Tumekaa nyumba moja tangu nilipomaliza shule. Nimekula naye, nimemfulia, nimeugua mikononi mwake. Nilimtazama kama namwona akiingia mlangoni sasa hivi kwa mara ya kwanza. Amejenga duka, amelea watoto wa ndugu zake, amevisha nusu ya mji, na muda wote huo alikuwa amebeba neno lile.

"Ulipoanza kunenepa," alisema, "nilimsikia yule mama anaongea kwa mdomo wangu. Nikashindwa kumnyamazisha."

Niliinama nikamshika magoti.

Jumatatu, 21 Aprili

Jua leo. Ilibidi nimburute Shangazi kwa daktari. Alisema siku zake zilikwishakoma zamani, hospitali atatafuta nini, aende akaaibike uzeeni? Nilimwambia anisindikize mimi tu. Akavaa gauni lake la harusi za watu.

Daktari alimpokea kwa sauti ileile ya kulalamika, akamuuliza mambo yaleyale. Shangazi alijibu akitazama ukuta. Aliposema kabati lilifungwa kwa ufunguo, daktari aliacha kuandika.

"Mama, kwa umri wako picha haiwezi kunithibitishia," alisema. "Siwezi kuapa. Lakini historia yako ni ileile ya binti yako, na hali hii inatembea kwenye ukoo. Ungekuja kwangu ukiwa msichana, ningekwambia ni hii. Sasa tupime sukari na presha, hayo ndiyo ya kuangalia."

"Inaitwaje?"

Daktari akalitaja. Shangazi akamwomba alitaje tena, polepole. Alilifuata neno kwa neno kwa midomo, likamshinda katikati, akaanza upya mpaka likakaa.

"Na wakati ule," aliuliza, "mimi nikiwa kwa mume, hii ilikuwepo? Au ni ya siku hizi?"

"Ilikuwepo, mama. Imejulikana kabla hujaolewa."

Shangazi alisimama kana kwamba tumemaliza. Alinyoosha gauni mbele, akatazama mlango, kisha akakaa tena palepale.

"Basi sikuwala," alisema.

Daktari aliuliza, "Hukuwala nani, mama?" Shangazi alilegeza kilemba chini ya kidevu, akanigeukia mimi nimweleze yale ya mama mkwe.